Damu Iliyojua Tarehe ya Boti

"Sista, wewe si umesoma? Hebu niambie, damu inajuaje tarehe ya boti lenu?"

Mwanamke aliyeniuliza hivyo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya pazia la khanga mbili, kisiwani Goziba. Mimi nilikuwa na shahada ya uuguzi, glavu mikononi, na wanawake zaidi ya thelathini wakisubiri upande wa pili wa pazia. Nilimpa jibu refu lenye homoni nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, Sista," kwa ile sauti ambayo mtu mzima huitumia akiamua kumwachia mtoto ashinde. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na nilikuwa na haraka kiasi kwamba sikugundua kuwa sina.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mlioajiriwa juzi na mtakaokaa kwenye kile chumba cha uzazi wa mpango baada yangu. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwa uamuzi wa bodi ya madaktari, baada ya pikipiki kuniangusha nikienda kutoa chanjo na pingili mbili za mgongo kukataa kurudi kazini. Najua mambo haya huandikwa na watu wenye mvi. Zangu ni tatu, nimezihesabu. Vyeo sitaviandika kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nilizaliwa Kaagya, kati ya migomba na mibuni, nikasoma mpaka chuo kikuu, nikarudi Kagera na tabia moja iliyowachosha wahadhiri wangu. Kila nilichoambiwa niliuliza: nani kasema, na alijuaje? Nilipangiwa kituo cha afya upande wa Kagoma, wilayani Muleba. Aliyenipokea alikuwa Ma Leokadia, mkunga aliyebakiza miaka michache kabla ya kustaafu, mwanamke mfupi aliyevaa miwani yenye mkono mmoja wa kamba. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinisukumia fomu.

"Soma hapo."

Nikasoma: "Kutokwa uchafu ukeni. Ndiyo, hapana."

"Wewe unatokwa uchafu?"

"Hapana."

"Hata siku moja? Tangu uvunje ungo?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakaanza kuchekea ndani ya vitenge vyao.

"Basi wewe ni mgonjwa, Digrii," akasema. "Mwanamke mzima lazima aone ute. Waliochapa fomu wakauita uchafu, na sasa wasichana wanakuja hapa na ute wao wenyewe kwenye karatasi kama wamekamata mwizi."

Jina la Digrii likabaki mpaka alipostaafu.

Siku hiyohiyo alinituma dukani nikanunue yai. Alilivunja kwenye bakuli, akatenga kiini, akaniambia nichovye vidole viwili kwenye ule weupe kisha niviachanishe. Ute ukavutika kama uzi. "Huu," akawaambia wale wa kwenye benchi, "ndio ute wa siku za rutuba. Ukiuona, yai lako linakaribia kutoka. Kabla yake unaweza kukaa siku kadhaa ukiwa mkavu, au ukaona kitu kizito cheupe kama losheni. Baada yake ute unakuwa mzito tena, unapungua, kisha hedhi inakuja. Usiuoshe kwa sabuni wala ndimu, hujaukosea kitu na wenyewe haujakukosea."

"Ushahidi wake uko wapi?" nikauliza. Nilikuwa mpya, lakini sikuwa na aibu.

"Uko kwenye chupi yako, Digrii. Nenda kausome."

Niliusoma kwa miezi mitatu na nikamkuta yuko sahihi, jambo lililoniudhi. Niliona hata kile alichokuwa amenionya kwamba baadhi ya wanawake hukiona: matone mawili matatu ya rangi ya waridi katikati ya mzunguko, siku ile ute unapovutika sana, kisha basi. Bila somo la yai ningeyaogopa.

Chombo chake kikuu hakikuwa spekula, kile cha kufungulia njia ya uzazi. Kilikuwa kamba. Alichana nyuzi kutoka kwenye gome kavu la mgomba, akampa kila mwanamke uzi mmoja, akamwambia afunge fundo moja kila siku. Siku ya ute wa yai, mafundo mawili yaliyobanana. Siku ya damu, unachomeka kipande kidogo cha kitambaa ndani ya fundo. Mwanamke akirudi baada ya miezi, Ma Leokadia aliupitisha uzi vidoleni huku akiangalia dirishani, akasema, "Hapa ulichelewa. Ulikuwa unaumwa?" Na kweli alikuwa ameumwa.

Nikaona hiyo ni kazi ya kale. Nikachapisha kalenda nzuri zenye visanduku, nikazigawa bila kumwambia. Wiki ya tatu mzee mmoja aliingia ameshika kalenda yangu mkononi, akauliza kwa upole mke wake anamwekea kijana gani alama kila Jumanne. Ma Leokadia alimpa kiti, akampa na kahawa ya kutafuna, akamtuliza nusu saa nzima. Alipoondoka, akaniambia: "Kalenda hutundikwa ukutani. Ukutani kuna mume, kuna mama mkwe, kuna watoto wanaojua kusoma. Uzi wa mgomba hufunga mzigo wa kuni, nani atausoma?"

Nikarudi kwenye nyuzi.

Alikuwa na sheria moja niliyoibishia zaidi ya zote. Neno "kawaida" halitamkwi kabla macho hayajaona. Mwanamke akisema anaona matone, kwanza apande kitandani, umwangalie mlango wa kizazi kwa spekula na taa, upake siki, ambayo hugeuza meupe madoa ya hatari, kama hali inaruhusu, ndipo useme. Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Matone kwa anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ni jambo la kila siku. Matone miezi ya mwanzo ya kipandikizi, vivyo hivyo. Msichana wa miaka kumi na nne ambaye hedhi yake haijatulia, vivyo hivyo. Nikimpandisha kila mmoja kitandani foleni itafika barabarani.

"Itafika," akasema Ma Leokadia. "Barabara ni ya serikali."

Sasa nifike Goziba.

Kila baada ya miezi mitatu tulivuka ziwa kwa boti kupeleka huduma kisiwani. Mimi ndiye niliyependa safari hizo, wenzangu walitapika. Kambi ile ilikuwa mabanda ya mabati na maturubai yaliyobanana, na kila palipobaki wazi palikuwa na dagaa walioanikwa, wa rangi ya fedha, wanaong'aa mpaka macho yanauma. Watu walitoka pande zote za ziwa. Hakuna aliyesema hapo ni kwao.

Mwanamke wa kwenye ndoo tutamwita Mama Kulwa. Alikuwa na pacha, Kulwa na Doto, na binti mmoja aliyewafuata. Alianika dagaa wa wenye mitumbwi na asubuhi aliuza uji. Nilipomwuliza umri akaniuliza, "Wa kwenye kadi au wa kweli?" Wa kweli ulikuwa thelathini na tatu. Mume wake alikuwa mvuvi.

Kadi yake niliijua kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Alikuwa akichomwa sindano kwa zaidi ya mwaka, bila kuchelewa hata mara moja, na hedhi yake ilikuwa imekatika kabisa, kama inavyotokea kwa wengi. Safari mbili zilizopita nilikuwa nimeandika: "Ameanza kuona damu. Yuko kwenye siku zake, hakupimwa. Arudi." Safari iliyopita niliandika tena: "Yuko kwenye siku zake, hakupimwa. Arudi." Ni utaratibu, mnaujua: aliye kwenye hedhi hapimwi kwa siki, anaambiwa arudi damu ikikata. Safari ile ya pili nilimpa uzi. Kisiwani hakuna mgomba, kwa hiyo nilimkatia uzi wa buluu wa kushonea nyavu.

Sasa aliuweka mapajani mwangu. Nikahesabu. Vitambaa vitatu mfululizo, kisha mafundo matupu karibu ishirini na sita, kisha vitambaa vitatu, mafundo matupu, vitambaa. Safi kama umechorwa na rula. Na siku hiyo alikuwa na damu tena.

"Vizuri sana," nikasema. "Mzunguko wako umerudi. Sindano humfanyia mtu hivyo wakati mwingine. Ni kawaida."

"Na haya maji?"

"Maji gani?"

"Yanalowesha. Yana rangi kama maji yaliyooshewa nyama."

"Unawashwa?"

"Siwashwi."

"Yana harufu?"

"Sista, hapa kila kitu kinanuka dagaa. Mto wangu unanuka dagaa. Nitajuaje?"

Foleni ikacheka nje ya pazia. Khanga haizuii sauti. Nami nikacheka. Nikampa vidonge vya maambukizi kama mwongozo unavyosema, nikamchoma sindano yake. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali. Kila mkija ninyi, akasema, na yenyewe inakuja. Nikampa homoni nne. Nahodha akapiga honi, nikaandika kwa mara ya tatu: "Yuko kwenye siku zake, hakupimwa. Arudi."

Keshokutwa yake nilikuwa Kagoma, namsimulia Ma Leokadia, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba nyuzi zake zimevuka ziwa na kuna mwanamke Goziba ambaye mzunguko wake unaweza kufundishiwa darasani, ingawa yuko kwenye sindano. Alikuwa anakunja vitambaa vya kidonda. Mikono ikasimama.

"Ulimwangalia?"

"Alikuwa kwenye siku zake. Na hakukuwa na kitanda."

"Sikukuuliza habari ya kitanda. Yuko kwenye sindano, hajachelewa, na damu inakuja kwa tarehe?"

"Siku ishirini na tisa, thelathini."

"Mume wake anavua nini?"

Niliona ni swali la kijinga. "Dagaa, nadhani. Ma Leo, inahusu nini?"

"Unadhani." Akaendelea kukunja.

Nilitoka nje nimekasirika, na hasira yangu ya kisomi hufanya kazi namna moja tu: natafuta ushahidi wa kumshinda mtu. Ukutani pale mapokezi palikuwa na kalenda ya parokia, yenye duara jeupe kila siku mwezi unapokuwa mpevu. Nikachukua nakala ya kadi yake, nilikokuwa nimeandika hesabu ya mafundo, nikahesabu kurudi nyuma kutoka siku ile ya boti, fundo kwa fundo. Damu ya sasa ilianza siku moja baada ya duara jeupe. Ile ya kabla yake, siku ya duara jeupe yenyewe. Ile ya kabla yake, siku moja baada. Nikaangalia tarehe za safari zetu tatu za Goziba. Zote zilikuwa kando ya duara jeupe.

Nikarudi ndani na kalenda mkononi, pamoja na msumari wake.

"Ma Leo, kwa nini safari za Goziba hupangwa mbalamwezi?"

"Leo ndiyo unauliza?" Akavua miwani. "Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka hawazifuati taa. Wavuvi wale huhama na taa zao visiwa vya mbali wakati wote wa giza, mbalamwezi wanarudi kambini kwa wake zao, siku tano, siku sita. Ukitaka kuikuta kambi nzima, unakwenda siku hizo. Kila mtu wa ziwani anajua."

Mimi ni wa Kaagya. Najua kahawa ikianza kuiva ni lini na ndizi ipi ni ya pombe. Dagaa niliwajua kwenye sahani.

"Waitu Digrii," akasema, kwa lile neno la Kihaya la upole, na safari hii hakuwa akinitania. "Hiyo si hedhi. Hiyo ni damu ya baada ya kulala na mume. Inakuja kwa tarehe kwa sababu mume anakuja kwa tarehe. Na hayo maji ya nyama ndiyo yananitisha zaidi."

Mara tatu nilikuwa nimemwambia arudi damu ikikata, na mara tatu nilimfuata siku ambazo damu haiwezi kuwa imekata. Alikuwa na kitu kwenye mlango wa kizazi kinachotoka damu kikiguswa, na kwa karibu nusu mwaka mimi nilikuwa nakiandika hedhi. Safari nyingine ilikuwa baada ya miezi mitatu. Saratani ya mlango wa kizazi ikiwa changa, daktari anaweza kuitoa pamoja na kizazi na mwanamke akaishi. Ikishapita hapo, kinachobaki ni kumpunguzia maumivu. Sikujua Mama Kulwa yuko upande gani wa mstari huo, na sikuwa na njia ya kujua nikiwa nimekaa Kagoma.

Rejista haikuwa na namba yake ya simu. Nilikuwa na namba ya wakala wa boti kisiwani, kijana aliyeitwa Deo. Nikampigia.

"Mwambie Mama Kulwa wa uji, Sista wa kliniki anamtafuta."

"Ana nini?"

Mnaona mtego. Kambini, nesi akikutafuta kwa simu kutoka bara, kufikia jioni utakuwa umeshapewa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni mmoja tu. Mume atasikia kwenye kijiwe cha kahawa kabla mke hajasikia.

"Nilimchanganyia kadi," nikasema. "Aje bara achukue yake."

Saa mbili baadaye nikapiga tena. Hajamwona. Nikapiga tena. Amemwona, amecheka, anasema kadi itasubiri boti la kliniki. Nikapiga mara ya nne.

"Sista," akasema Deo, "kwa kadi tu? Hiyo kadi ina hati ya shamba?"

Nikauliza mambo mawili tu zaidi. Wavuvi wanaondoka lini? Keshokutwa jioni, giza linarudi. Na wanawake? Safari hii kuna waanikaji wanachukuliwa, Mama Kulwa yumo, wanakwenda visiwa vya huko mbele, vya upande wa Mwanza. Huko sikuwa na Deo wala namba ya mtu yeyote.

Ma Leokadia hakuniruhusu wala hakunikataza. Alinifungia spekula mbili zilizochemshwa, taa ya kichwani, gozi la kukandamiza damu, glavu. Siki akaitoa kwenye mfuko. "Hii iache. Mahali panapotoka damu usipake kitu. Tazama, toa, basi. Ukiona nyama imeota, usiguse. Na usimdanganye."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikosea. Anza na hilo, yatakayofuata atayaamini."

Nilipanda boti la mizigo lililobeba mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Ziwa lilikuwa limechafuka, na kwa mara ya kwanza nilitapika kama wenzangu. Tulifika saa saba mchana, wakati watu wamelala kwa joto. Nilimkuta Mama Kulwa anakunja turubai la kuanikia. Mizigo yake miwili ilikuwa tayari imefungwa.

"Umeleta kadi mwenyewe?" akasema. Aliponitazama usoni, akaacha kutabasamu.

Niliazima banda la muuza maji na meza yake. Nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba damu ile si hedhi, na kwamba nataka kuangalia inatoka wapi. Alipanda juu ya meza, akafumba macho, akashika kona mbili za meza kama yuko kwenye boti.

Nilikuwa nimewaona wengi kwa siki, madoa meupe madogo yanayotibiwa kwa tiba mgando, ya kuyagandisha kwa baridi, na mtu anarudi nyumbani kupika. Hiki hakikuwa doa. Upande mmoja wa mlango wa kizazi kulikuwa na nyama iliyoota vinundu kama koliflawa, na kwa kuingiza spekula tu, polepole kuliko nilivyowahi kuingiza, damu ilianza kutiririka. Nikakandamiza gozi. Nikahesabu pumzi zangu mpaka ikatulia. Kitu kimoja tu kilinipa nguvu: upande mwingine ulikuwa laini, na kuta za uke nilizoziona zilikuwa safi. Lakini mimi si daktari, na taa ya kichwani si maabara.

"Ni kansa?" akauliza, macho bado amefumba.

"Inaweza kuwa. Lazima wakate kipande Bukoba wakipime. Tukienda kesho, kuna nafasi. Ukienda na giza hili, ukarudi mbalamwezi nyingine, sijui."

Nje tulimkuta Baba Kulwa. Alikuwa amesimama karibu kuliko adabu inavyoruhusu, ameshika kofia. Mtu mkubwa, mikono imechanwa na nyuzi.

"Deo anasema kadi," akasema. "Mimi naona glavu."

Nilimtazama mke wake. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikamweleza yote, kwa maneno mafupi. Alipoelewa ile habari ya damu na siku zake za kuwa nyumbani, uso wake ulibadilika mpaka nikaogopa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuumiza?"

"Hapana. Kidonda kipo. Wewe unakigusa tu, hukukiweka kwa kusudi."

Kirusi kinachoanzisha mambo haya hupitia wapi, mnajua, nami nilijua. Siku hiyo sikukitaja. Alikuja kukisikia Bukoba kutoka kwa daktari. Mpaka leo sina hakika kama nilifanya vizuri.

"Tajiri ameshatoa mafuta," akasema. "Kesho jioni ndiyo tunatoka. Akibaki yeye, nani ataanika?"

"Wewe Masanja," akadakia Mama Kulwa, akimwita jina lake mbele yangu, "dagaa walianza kuanikwa siku niliyozaliwa mimi?"

Hakuna aliyecheka. Masanja alizunguka banda mara moja, akarudi, akaichukua mizigo miwili ya mke wake, mmoja kila mkono, akaipeleka. Nilidhani anaipeleka kwenye mtumbwi wa uvuvi. Aliipeleka kwenye lile boti la mizigo lililonileta, akakaa juu yake, na hakushuka mpaka kesho yake asubuhi tulipoondoka. Giza lile hakuvua.

Bukoba walikata kipande. Majibu yalichukua wiki, na wiki hizo sizielezi. Mama Kulwa alikaa kwa Ma Leokadia, akimenya ndizi vibaya kama watu wa kwao wanavyomenya, na Ma Leokadia akimenya upya nyuma yake bila kusema. Majibu yalipofika yalikuwa saratani. Daktari alipima tena, akasema haijatoka nje ya mlango wa kizazi, inakatika, lakini si pale. Akaandika rufaa ya Mwanza. Walimtoa kizazi chote. Niliposikia sauti yake kwenye simu ya Masanja, ya kukwaruza, ikilalamika kwamba uji wa hospitali hauna chumvi, nilikaa chini sakafuni mapokezi, watu wakinipita.

Mnaobaki, mambo ya kazi ni haya. Msiishie kumwuliza mwanamke damu inakuja lini. Mwulizeni inapokuja, nini kingine kimekuja. Baada ya kulala na mume? Baada ya miaka ya kukoma hedhi? Anayetokwa kitu cheupe kama maziwa ya mgando na kuwashwa huenda ni fangasi. Cha kijani chenye povu na harufu, ni maambukizi, na mwenzake atibiwe. Maji ya rangi ya nyama iliyooshwa hayasubiri vidonge, yanataka macho. Huku kwetu Buhaya wanawake husifiwa kwa kuwa na maji wakati wa kulala na mume, kwa hiyo hawatakuja kulalamika kwamba yameongezeka. Ulizeni ninyi. Na aliye kwenye siku zake mara tatu mfululizo kila mkimwona, mpandisheni kitandani hivyohivyo, bila siki, mtazame. Safari za Goziba sasa zina siku mbili, ya pili wiki mbili baada ya ya kwanza, gizani. Ilichukua barua kumi na moja.

Sikuonana tena na Mama Kulwa kwa miaka mingi. Mwaka jana, nikitembea na mkongojo siku ya gulio Kagoma, nilimkuta nyuma ya fungu la dagaa, amenenepa, anabishana na mteja. Aliniweka kwenye kiti chake. Tukazungumza habari za pacha, za mgongo wangu, za Ma Leokadia aliyekwisha kustaafu na ambaye, kwa maneno ya Mama Kulwa, bado anamenya ndizi za watu upya. Nikamwomba msamaha kwa zile safari tatu. Sikuwahi kumwomba vizuri.

Alifunga dagaa wa mteja, akapokea pesa, akasubiri aondoke.

"Nilikuwa najua," akasema.

Kabla sijampa uzi wowote, mbalamwezi moja, Masanja akikaribia kurudi kambini, Mama Kulwa alikuwa ameaga kwamba dada yake wa Ukerewe anaumwa. Dada hakuwa anaumwa. Alikaa huko siku zote sita za mume kuwa nyumbani, na damu haikuja. Hakuniambia kwa sababu sikumwuliza, na kwa sababu nje ya khanga palikuwa na watu ambao wangesema anamlaumu mume wake.

Na mbalamwezi iliyofuata alikwenda Ukerewe tena, na safari hiyo pia damu haikuja. Ile ya kwanza, aliniambia, ingeweza kuwa bahati tu.